Sahani ndogo, mzunguko mkubwa: Hesabu ya vitafunio vya San Sebastián

MJI wa San Sebastián, ulioko pwani ya kaskazini ya Hispania, kiasi cha kilomita 20 kutoka mpaka wa Ufaransa, una wakazi wasiofika 200,000. Hauna mgodi, na ufuko wake maarufu wa La Concha hauzidi kilomita moja na nusu. Hata hivyo, jina la mji huo halikosekani watu wanapozungumzia chakula. Na kinachowavuta wengi katika mitaa yake ya zamani si mlo kamili wa mezani, bali ni kitafunio kimoja juu ya kisahani, mara nyingi kikiwa kimechomwa kijiti katikati.

Kitafunio hicho huitwa pintxo, na hutamkwa "pincho". Neno lenyewe linatokana na kitenzi cha Kihispania chenye maana ya kuchoma kwa kitu chenye ncha. Hapa Afrika Mashariki jamaa yake wa karibu ni mshikaki, na Wahispania wenyewe wanao mshikaki wao wa nyama yenye viungo, ambao jina lake hukumbusha asili yake ya Kimoro. Bei ya pintxo moja siku hizi huwa kati ya euro 2 na euro 5, kutegemea kilichowekwa juu yake.

Kwa mfanyabiashara aliyezoea kupima hoteli kwa ukubwa wa sahani, swali linakuja lenyewe: mwenye baa anapata wapi fedha ya kulipia pango, mishahara na kodi kwa kuuza kipande cha mkate chenye samaki juu yake?

Jibu la swali hilo linamhusu yeyote mwenye mtaji mdogo anayefikiria kufungua sehemu ya chakula katika mji wa pwani, iwe Bagamoyo, Tanga, Malindi au Unguja. Lina pande mbili. Upande wa kwanza unavutia: sahani ndogo inaweza kuingiza fedha nyingi zaidi kwa saa kuliko mlo mkubwa. Upande wa pili ni onyo: fedha hiyo si lazima ibaki mikononi mwa yule anayepika.

MTEJA HAKAI

Biashara hiyo huonekana vizuri zaidi Parte Vieja, yaani mji wa kale, mnamo saa saba mchana au kuanzia saa moja jioni. Mteja akiingia hukuta kaunta imefunikwa sahani kutoka mwanzo hadi mwisho: mkate wenye kaa, mayai ya kuchemsha na kamba, uyoga, samaki wa chumvi, pilipili zilizojazwa. Haulizi meza. Anasimama, anaagiza glasi ya txakoli, mvinyo mweupe mkali kidogo unaotengenezwa Getaria na vijiji vya jirani, au bia ndogo kabisa iitwayo zurito. Anakula pintxo moja au mbili, anafuta mikono, analipa na kutoka. Baada ya dakika chache yuko baa ya pili.

Kuhama huko ndiko kunakoshika biashara yote. Wenyeji hukuita txikiteo. Kundi la marafiki hutembea baa baada ya baa, na kila baa ina kitafunio kimoja inachosifiwa nacho. Hapa ni uyoga, pale ni kamba, kule ni shavu la ng'ombe lililopikwa kwa mvinyo. Marafiki hao huchanga fedha kwenye mfuko mmoja mwanzoni mwa matembezi, na mmoja wao hulipa kila mahali kwa niaba ya wote. Mwenye baa hapotezi muda kugawanya hesabu ya watu wanane, wala hakuna ubishi wa nani kala nini.

Zamani mteja alijichukulia mwenyewe kutoka kaunta, na wakati wa kulipa alitaja alichokula au vijiti vyake vilihesabiwa. Ulikuwa utaratibu wa kuaminiana baina ya watu wanaojuana. Leo, wageni walivyokuwa wengi, baa nyingi hutoa sahani mapema na mhudumu huandika kila kinachochukuliwa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua mfano wa mteja anayesimama kwa dakika 25, akala pintxo mbili za euro 3 kila moja na kunywa glasi ya euro 2.50. Ametoa euro 8.50. Mteja mwingine, katika mgahawa wa kawaida, anakaa mezani dakika 90 na kulipa euro 25. Kwa haraka huyu wa pili anaonekana bora, kwani amelipa karibu mara tatu. Lakini nafasi ya yule wa kwanza inaweza kuuzwa tena na tena, na kwa saa moja inaingiza euro 20.40. Kiti cha yule wa pili kinaingiza chini ya euro 17 kwa saa. Tena meza na kiti huchukua eneo la watu wawili waliosimama. Kwa hiyo eneo lile lile la sakafu linaleta zaidi ya euro 40 kwa saa upande mmoja, na euro 17 upande wa pili.

Huo ni mfano tu, na unadai sharti moja: nafasi ikiachwa wazi lazima apatikane mtu wa kuijaza. Palipo na mlango usiopitwa na watu, hesabu yote huanguka.

BIDHAA TATU KWENYE KIJITI KIMOJA

Pintxo maarufu kuliko zote ni rahisi kuliko zote. Huitwa Gilda, na ni kijiti chenye zeituni, pilipili ndefu ya kijani iliyohifadhiwa kwenye siki, na samaki aina ya anchovi, ambaye kwa umbo ni ndugu wa dagaa. Inasimuliwa kwamba ilianzia katika baa ya Casa Vallés mjini humo miaka ya 1940, na jina lilitokana na filamu ya Gilda ya mwaka 1946 iliyochezwa na Rita Hayworth.

Kibiashara, Gilda inastahili kuchunguzwa. Haihitaji jiko, gesi wala mpishi wa kulipwa mshahara mkubwa. Bidhaa zake zote tatu hukaa muda mrefu, kwa kuwa zimehifadhiwa kwa chumvi, siki au mafuta. Mtu mmoja anaweza kutengeneza mamia kabla baa haijafunguliwa. Na zaidi ya yote, ni chumvi, uchachu na ukali kwa pamoja. Anayeila huhitaji kinywaji papo hapo. Mwenye baa anayeuza Gilda kwa faida ndogo anajua kwamba glasi inayofuata ndiyo itakayofidia.

Kanuni hiyo inajulikana hata kwa muuza mihogo ya kukaanga anayeweka pilipili na chumvi na kuwa na madafu pembeni. Kitafunio humwita mteja, kinywaji humlipa mwenye biashara. Sehemu inayouza vitafunio peke yake, bila kinywaji cha aina yoyote, iwe juisi, soda, kahawa au dafu, inabeba mzigo mzito kuliko inavyohitaji.

SAMAKI ALIPOADIMIKA

Hata hivyo, kutegemea bidhaa tatu kuna hatari yake, na mji huo umeionja. Anchovi wa Ghuba ya Biscay walianza kupungua sana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulilazimika kufunga uvuvi huo, na haukufunguliwa kikamilifu hadi mwaka 2010. Kwa karibu miaka mitano samaki aliyebeba jina la pwani hiyo hakuruhusiwa kuvuliwa kibiashara katika ghuba yake mwenyewe, isipokuwa kwa muda mfupi na kwa viwango vidogo.

Pigo lilikuwa kubwa zaidi kwa wasindikaji. Anchovi wa kusindikwa haliwi siku anayovuliwa. Hupangwa na chumvi kwenye mapipa kwa miezi kadhaa, kisha wanawake wenye ujuzi humsafisha mmoja mmoja kwa mkono, wakitoa ngozi na miiba kabla ya kumtia kwenye mafuta. Kazi hiyo ina makao yake makuu Santoña, mji wa pwani ulioko magharibi zaidi, ambako ililetwa na Waitalia kutoka Sicily mwishoni mwa karne ya 19. Anayesindika anchovi amefunga mtaji wake kwenye pipa kwa nusu mwaka au zaidi. Msimu ukikosa, hana cha kuuza mwaka unaofuata, wala hawezi kuwaachia wafanyakazi wenye ujuzi waende bila kuwapoteza moja kwa moja.

Wasindikaji waliosalimika walinunua samaki kutoka bahari nyingine, na baa ziliendelea kuuza Gilda. Mteja wa kawaida hakuona pengo kwenye kaunta. Lakini bei ya anchovi halisi wa ghuba hiyo ilitengana na ile ya anchovi wa kutoka nje, na tofauti hiyo haijafutika. Mfanyabiashara mwenye macho hujifunza mawili hapo: bidhaa yenye jina la mahali huwa na thamani kubwa inapoadimika, na anayeumia kwanza bidhaa inapokosekana ni yule aliye karibu na bahari, si yule aliye karibu na mteja.

KUTOKA KAUNTA KWENDA JIKONI

Vitafunio baridi vilivyopangwa kaunta vina adui mmoja, nao ni saa. Mkate hulowa, mayonezi hukauka juu, na kisichouzwa mchana hakifai jioni. Baa makini hupanga kaunta mara mbili kwa siku, na inachotupa kati ya mara hizo mbili ni hasara tupu.

Mabadiliko yalianzia kwenye hoteli kubwa. Mwaka 1976 kundi la wapishi Wabasque, wakiwemo Juan Mari Arzak na Pedro Subijana, lilianzisha harakati ya kuupa upishi wa kwao sura mpya, likichukua mfano kutoka Ufaransa. Mgahawa wa Arzak, uliofunguliwa na babu na bibi yake mwaka 1897 kama nyumba ya mvinyo na chakula, ulipata nyota tatu za Michelin mwaka 1989. Vijana waliofunzwa katika majiko ya aina hiyo hawakuwa wote na mtaji wa kufungua mgahawa mkubwa. Wengine walichukua vijibaa vidogo na kupika upishi ule ule katika sahani ya kiganja.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwepo baa kama La Cuchara de San Telmo zisizoweka kitu kaunta. Orodha iko kwenye ubao, mteja anaagiza, na chakula kinatoka jikoni kikiwa cha moto. Hasara ya kutupa hupungua sana, bei huweza kupanda, na mteja haoni ubaya kwani amepata kilichopikwa kwa ajili yake. Lakini gharama imehama. Sasa anahitajika mpishi wa kweli, jiko, gesi na mtu wa kuosha vyombo, na mteja anasubiri dakika kadhaa badala ya kujichukulia mara moja. Mzunguko unapungua kidogo ili faida kwa kila sahani iongezeke.

Wapo waliokwenda mbali zaidi na kuuza uchache wenyewe. Baa ya Nestor inajulikana kwa kupika tortilla mbili tu kwa siku, moja ya mchana na nyingine ya jioni. Tortilla ya Hispania ni mayai na viazi, bidhaa mbili zinazopatikana katika kila duka na ambazo muuza chipsi mayai wa Dar es Salaam anazielewa vizuri. Anayetaka kipande huandikisha jina mapema na kurudi saa ikifika. Hakuna kinachobaki, hakuna kinachotupwa, na wanaokosa hununua kitu kingine wakiwa wamekwishafika.

Mfano mwingine ni La Viña, katika mtaa wa 31 de Agosto, iliyoanza kuuza keki ya jibini iliyoungua juu karibu na mwaka 1990. Keki hiyo sasa inaigwa dunia nzima, kutoka London hadi Tokyo, bila baa hiyo kulipwa chochote na waigaji. Lakini foleni iko mlangoni pake. Mapishi ni vigumu kuyazuia yasiigwe. Mahali yalipoanzia hapaigiki.

MSIMU NA MVUA

Tofauti na miji mingi ya ufukweni, San Sebastián haitegemei jua. Mvua hunyesha mara nyingi kwa mwaka mzima, na hata katikati ya Agosti mgeni anaweza kukuta ufuko hauna mtu. Mji huo ulianza kupata wageni wa baharini pale Malkia Isabella II alipokuja kuoga maji ya chumvi kwa ushauri wa madaktari mwaka 1845. Baadaye Malkia Maria Cristina aliufanya makazi yake ya kiangazi, na kasri la Miramar linaloitazama ghuba likakamilika mwaka 1893. Wakubwa walimfuata, na hoteli na majumba yakajengwa.

Lakini kinachozifanya baa zisife wakati wa baridi ni mwenyeji. Tangu karne ya 19 mji huo una vyama vya kupika, ambavyo wanachama wake hukutana, hupika wenyewe, hula pamoja na kulipa walichotumia. Watu waliolelewa katika desturi hiyo hutoka kula Februari kama wanavyotoka Julai. Tarehe 20 Januari, katikati ya baridi, mji mzima huwa barabarani na ngoma kwa saa 24 katika sikukuu ya Tamborrada. Septemba kuna tamasha la filamu lililoanza mwaka 1953. Kalenda imejazwa ili miezi isiyo na waogaji isiwe miezi isiyo na wateja.

Uchumi wa Hispania ulipoanguka baada ya mwaka 2008, mwenyeji huyo huyo alitafutiwa njia ya kuendelea kutoka. Katika mtaa wa Gros, ng'ambo ya mto Urumea, baa zilikubaliana kuuza glasi moja na pintxo moja kwa bei ndogo isiyobadilika kila Alhamisi jioni. Utaratibu huo huitwa pintxo-pote. Alhamisi, iliyokuwa siku ya kawaida, ikawa siku ya biashara. Hakuna baa moja ambayo ingeweza kufanikisha hilo peke yake. Mteja wa sahani ndogo anataka kutembea, kwa hiyo jirani wa mwenye baa ni mshindani wake na pia ni sababu ya mteja kufika mtaani.

Jambo hilo linaeleweka vizuri Forodhani, Unguja, ambako meza za mishkaki, pweza, ngisi na chapati hupangwa pamoja kila jioni. Muuzaji mmoja akihamia pembeni peke yake ili akwepe ushindani, atakuwa amekwepa na wateja.

Mfumo huo nao una udhaifu wake. Hispania ilipotangaza hali ya hatari tarehe 14 Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, baa zote zilifungwa. Ziliporuhusiwa kufungua, kwa vipindi virefu wateja walikatazwa kusimama kaunta na vitafunio vilitakiwa kufunikwa. Mgahawa wenye meza ulipunguza viti na kuendelea. Baa isiyo na meza, ambayo nguvu yake yote ni msongamano, haikuwa na cha kupunguza.

PANGO NDIYO MWAMUZI

Hapa ndipo onyo lilipo. Parte Vieja ni eneo dogo lisiloweza kupanuka. Limezungukwa na mlima Urgull, bahari, mto, na barabara kuu iliyojengwa baada ya ngome za mji kubomolewa kuanzia mwaka 1863. Mji wenyewe uliteketea tarehe 31 Agosti 1813, wakati majeshi ya Uingereza na Ureno yalipouteka kutoka kwa Wafaransa, na mtaa wa 31 de Agosto umepewa jina hilo kwa kuwa ndiko zilikobaki nyumba chache. Wateja wanaweza kuongezeka kila mwaka, lakini milango ya baa haiongezeki.

Kwa miongo mingi wapangaji wa biashara wa Hispania walilindwa na mikataba ya zamani ambayo mwenye nyumba hakuweza kuivunja wala kuipandisha pango apendavyo. Mwaka 1985 serikali ililegeza masharti kwa mikataba mipya. Sheria ya upangaji mijini ya mwaka 1994, iliyoanza kutumika Januari 1995, ikaweka muda wa kufikia mwisho kwa mikataba ya zamani: kwa biashara nyingi za makampuni ilikuwa miaka 20, yaani hadi mwisho wa mwaka 2014, na kwa mtu binafsi, kwa kawaida hadi anapostaafu au kufariki. Maduka mengi ya zamani katika miji ya Hispania yalifunga milango wakati huo. Hawakukosa wateja, pango la soko huria lilizidi walichokuwa wakipata.

Kuna pia malipo yanayoitwa traspaso, ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo angeyatambua mara moja kuwa ni kilemba. Mpangaji anayeondoka humwuzia mpangaji mpya mkataba, vifaa na jina la biashara. Sheria ya 1994 inamruhusu kuhamisha mkataba bila ridhaa ya mwenye nyumba, isipokuwa mkataba wenyewe ukisema vinginevyo, na mwenye nyumba naye ana haki ya kupandisha pango kwa asilimia 20. Kwa hiyo mwekezaji mpya katika mtaa wenye jina huanza akiwa amelipa mara mbili: kilemba kwa anayetoka na pango lililopanda kwa mwenye nyumba. Kabla hajauza kitafunio cha kwanza, mafanikio ya wale waliomtangulia yamekwishawekwa kwenye bei.

Akishaingia, njia za kufidia ni chache. Anaweza kupandisha bei, na hapo mwenyeji wa Februari anaanza kwenda mitaa mingine. Anaweza kupunguza ubora, akinunua vitafunio vilivyogandishwa kiwandani, na mgeni wa siku moja hatajua. Au anaweza kumkalisha mteja na kumwuzia mlo mzima, akaacha kabisa biashara ya sahani ndogo. Njia zote tatu hula kile kilicholeta watu. Mwaka 2018 baraza la mji liliigawa San Sebastián katika kanda na kuzuia nyumba mpya za kupangisha watalii katika mji wa kale, kwa kuwa wakazi walikuwa wakisukumwa nje. Mkazi anapohama, baa inapoteza mteja ambaye angeingia mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, bila kutangaziwa.

Bei ndogo nazo zina tabia yake. Hispania ilipoingia katika noti na sarafu za euro mwaka 2002, euro moja ilikuwa peseta 166.386. Walaji walilalamika kwamba vitu vya peseta 100 viligeuka kuwa vya euro moja. Kwenye bidhaa kubwa ongezeko kama hilo lingeleta kelele siku hiyo hiyo. Kwenye kitafunio lilipita kwa manung'uniko. Baadaye, Septemba 2012, kodi ya ongezeko la thamani kwenye mahoteli ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 10. Katika zile euro 8.50 za mfano wa mwanzo, senti 77 ni za serikali na mwenye baa hubaki na euro 7.73 kabla ya gharama nyingine yoyote.

PWEZA WA MAFIA NA KILWA

Wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki wako katika mnyororo huu hata kama hawajawahi kufika Hispania. Mkono wa pweza uliochomwa kwenye bamba la moto ni pintxo ya kawaida siku hizi, na Hispania hununua pweza wengi kutoka nje, hasa Morocco na Mauritania. Pweza wa Tanzania naye husafirishwa akiwa amegandishwa kwenda nchi za kusini mwa Ulaya, zikiwemo Italia, Ureno na Hispania.

Kuna jambo moja la kiufundi linalomfaa muuzaji wa mbali. Pweza mbichi ana nyama ngumu, ndiyo maana wavuvi humpiga kwenye mwamba au mchanga. Kugandisha hufanya kazi hiyo hiyo, kwani barafu hupasua nyuzi za nyama na kuilainisha. Kwa samaki wengi kugandishwa hushusha thamani. Kwa pweza mpishi wa Ulaya hukutafuta. Umbali kwa hiyo si kasoro kubwa, mradi ubaridi usikatike kutoka ufukweni hadi bandarini.

Kasoro iko kwingine. Wanawake na vijana wanaotembea miambani wakati wa bamvua, wakimtafuta pweza kwenye matundu kwa kijiti, humwuzia mnunuzi wa kwanza papo hapo, kwa kuwa hawana barafu wala mahali pa kuhifadhi. Bei ya siku hiyo ni bei ya mnunuzi. Tena pweza huongezeka uzito haraka sana anapoachwa majini kwa miezi michache, na anayemchukua mdogo leo ameuza gramu badala ya kilo. Kanuni za uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zinakataza biashara ya pweza walio chini ya gramu 500.

Dawa iliyojaribiwa Andavadoaka, Madagascar, tangu mwaka 2004 ni kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa kisha kuifungua kwa siku iliyotangazwa. Utaratibu wa namna hiyo umefuatwa pia katika sehemu za Pemba, Mafia na Songosongo. Faida yake ya kibiashara haiishii kwenye uzito. Siku ya kufungua inapojulikana mapema, wanunuzi zaidi ya mmoja wanaweza kufika na barafu yao, na muuzaji anapata kitu ambacho hakuwa nacho: bei ya ushindani.

MAMBO YA KUPIMA

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kuuza sahani ndogo katika mji wa pwani, uzoefu wa San Sebastián unatoa vipimo vichache vinavyoweza kutumika kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Kwanza, ahesabu wapita njia wa Jumanne jioni katika mwezi mbaya kuliko yote, si wa Jumamosi ya sikukuu. Kama idadi hiyo ya Jumanne inaweza kulipa pango, msimu wa wageni utakuwa faida. Kama haiwezi, msimu wa wageni utakuwa wa kulipia madeni.

Pili, atafute mahali penye wauzaji wengine wazuri, na awe na kitu kimoja tu kinachomtofautisha nao. Orodha ya vitafunio 30 hufunga mtaji kwenye bidhaa zinazooza.

Tatu, azifahamu bidhaa zake mbili au tatu za msingi zinatoka bahari gani na shamba gani, na ajue atanunua wapi zikikosekana kwa mwaka mzima.

Nne, na hili ndilo linaloamua mengine yote, mkataba wa pango uandikwe kwa muda mrefu, na ongezeko la kila mwaka litajwe kwa tarakimu. Mtaa ukipata jina, mwenye nyumba atakuwa wa kwanza kujua. Asiye na mkataba wa miaka kadhaa anajenga jina la mtaa kwa jasho lake ili mwingine alipe kilemba.

Sahani ndogo hailipi kwa sababu ni ndogo. Inalipa pale wateja wanapopita wengi na haraka, pale mwenyeji anapoweza kuimudu mwaka mzima, na pale pango linapokuwa limefungwa kabla sifa haijapanda. Kikikosekana kimojawapo, kinachobaki ni kazi nyingi kwa malipo madogo, na faida huishia kwa mwenye mlango.